Gari Nalo Lina Pumzi

Ndugu msomaji, jahazi la Kilwa Kivinje huenda kwa upepo, na kila mtu analijua hilo. Gari nalo haliendi bila upepo, ila wenye magari wengi hawalitambui jambo hili. Hutazama mshale wa petroli, wakasahau kuwa petroli peke yake haiwaki. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa maneno mengine, kila lita ya petroli huandamana na hewa ipatayo lita 9,000.

Hewa hiyo yote hupitia njia moja: mdomo wa bomba, kisha chujio ambalo mafundi huliita ea klina, ndipo iingie kwenye silinda. Njia hiyo ikiharibika, gari huharibika pia.

Tuchukue mfano wa safari ya kusini. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, na baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga kikawekwa lami, safari ya Lindi imekuwa nyepesi. Lakini ukiiacha lami na kushika njia za udongo za kuelekea vijijini, chujio ndilo linalobeba vumbi lote. Likijaa, gari huwa zito mlimani, na la dizeli hutoa moshi mweusi. Gari la zamani la kabureta hunywa petroli zaidi. Gari la kisasa hupunguza lenyewe petroli ili ilingane na hewa, hivyo kinachopotea zaidi ni nguvu. Nayo ndiyo uliyoitegemea ulipotaka kulipita lori, na watoto wako wameketi nyuma.

Wapo watakaokushauri ulitoe chujio kabisa, gari lipate kupumua. Usikubali. Vumbi ni mchanga, na mchanga ni msasa. Ukiingia ndani hula ringi na kuta za silinda, kisha injini huanza kula oili. Bei ya chujio jipya haifanani hata kidogo na gharama ya kufumua injini. Chujio la karatasi nalo lisioshwe kwa maji, wala lisipulizwe kwa upepo mkali wa kompresa, maana karatasi hutoboka. Likichakaa, libadilishwe. Mwenye kupita njia za vumbi alikague mara nyingi kuliko anayeishia mjini.

Vijana wengine hubandika chujio la wazi chini ya boneti ili gari lingurume. Mngurumo wataupata, lakini huko hewa ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa asilimia 9 hivi kuliko ya nyuzi 30. Gari litapiga kelele zaidi na kuvuta kidogo.

Hatari kubwa kuliko zote ni maji. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya kusini wilayani Kilwa. Katika mafuriko kama hayo, dereva mwenye haraka hudhani maji yakiwa chini ya kioo yuko salama. Kumbe kipimo ni mdomo wa bomba la hewa, ambao kwa magari mengi madogo uko mbele, nyuma ya taa. Hewa hubanwa na pistoni, maji hayabanwi. Yakiingia kwenye silinda, mkono wa pistoni hupinda au kuvunjika mara moja. Gari likizimika majini, usiliwashe tena. Livutwe hadi nchi kavu, fundi alikague kwanza.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuipeleka familia safarini, fungua boneti, toa chujio, ulitazame kwenye mwanga. Usipouona mwanga ukipenya, usiondoke nalo.