WALIOTUTANGULIA: Padri Mychal Judge, Kasisi wa Zimamoto

Aliyepata kuishi kambini anamfahamu kasisi wa kikosi. Ndiye abishaye hodi usiku akiandamana na afisa, na mama mwenye nyumba akimwona tu huanza kulia kabla hajaambiwa neno. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Padri Mychal Judge, Mfransisko wa mji wa New York, Marekani, tangu mwaka 1992 alipowekwa kuwa kasisi wa Kikosi cha Zimamoto cha mji huo, hata siku alipofariki, tarehe 11 Septemba 2001.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1933, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ireland. Baba alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita, naye akaenda kung'arisha viatu vya wasafiri penye stesheni kubwa ya treni ili mama apate chochote. Karibu na hapo lilikuwako kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Mtoto aliingia humo, akawaona watawa wenye kanzu za kahawia na mshipi wa kamba, akatamani kuwa mmoja wao. Alipadrishwa mwaka 1961, na tangu mwaka 1986 makao yake yakawa kanisani palepale.

Alikuwa mlevi. Jambo hili halina haja ya kufichwa, kwa kuwa mwenyewe hakulificha. Aliiacha pombe mwaka 1978, na tangu hapo akawa anaketi na walevi wengine katika mikutano yao ya kusaidiana, si padri wa kuwahubiria bali mwenzao. Huenda huko ndiko alikojifunza kutomwuliza mtu aliyesimama mlangoni amefanya nini.

Katika miaka ya 1980 ulipozuka UKIMWI, walikuwako wauguzi walioacha sahani ya chakula nje ya chumba cha mgonjwa, wakaondoka upesi. Wengi wa wagonjwa wa New York wakati ule walikuwa wanaume wenye kupenda wanaume wenzao, nao waliamini kwamba Kanisa limekwisha kuwafukuza. Wengine hawakutaka hata kumwona padri. Padri Judge hakuanza kwa sala. Aliketi penye mwisho wa kitanda, akaikanda miguu ya mgonjwa. Mgonjwa akinyamaza, naye alinyamaza. Sala ilikuja baadaye, kama mwenyewe aliitaka.

Mwaka 1986 polisi kijana, Steven McDonald, alipigwa risasi na mvulana wa miaka 15 katika bustani ya Central Park, akapooza tangu shingoni. Mkewe alikuwa mjamzito. Padri Judge akawa rafiki wa nyumba ile. Mwaka uliofuata McDonald alimsamehe hadharani yule mvulana. Na baadaye marafiki hao wawili, mmoja akiwa katika kiti cha magurudumu, walisafiri hadi Ireland ya Kaskazini kunena habari za upatanisho.

Asubuhi ile ya Septemba, habari za ndege zilipomfikia, alivaa kofia ya zimamoto, akawafuata vijana wake hadi ukumbi wa chini wa jengo la kaskazini. Saa nne kasoro dakika moja jengo la kusini liliporomoka, kifusi kikafurika humo, naye akafa akiwa anasali. Watu watano, zimamoto na polisi wakiwamo, walimtoa akiwa juu ya kiti. Wenziwe wakampeleka kanisa la Mtakatifu Petro lililo karibu, wakamlaza mbele ya altare, wakamwekea stola yake na beji yake ya zimamoto. Katika daftari la mji akaandikwa namba 0001. Walikuwako waliomtangulia kufa; wake ndio mwili wa kwanza ulioandikishwa.

Tangu mwaka 2002 watu hukusanyika kila Septemba katika kanisa lake, na baada ya misa hutembea kwa miguu hadi mahali alipofia, wakisimama kusali penye vituo vya zimamoto na vya polisi. McDonald alikwenda nao katika kiti chake cha magurudumu, mwaka baada ya mwaka, hata alipofariki Januari 2017.