Mteja Wetu Alikuwa Mashineni

Mwezi huu sina habari za wivu wala mawifi. Nina habari ya kitu kilichotufanya mimi na shemeji yenu tulale tumegeuziana migongo wiki tatu nzima: wateja.

Kwa wageni wa safu hii, mimi na mume wangu tuna ofisi ndogo ya ubunifu hapa Sumbawanga. Chumba kimoja pale Mazwi, kompyuta mbili na printa moja yenye hasira. Yeye anachora: nembo, mabango, kalenda, kadi za harusi. Mimi natafuta kazi na kudai hela. Tulihama Dar tukiamini huku hatutagombania mteja na kila mtu, na kweli hatukugombania. Miaka miwili tulikuwa na mteja mmoja mkubwa, jina naliacha, akitupa karibu kazi zote. Tukajisahau. Novemba mwaka jana akaja bosi mpya na watu wake, na deni letu la shilingi 3,400,000 likageuka kuwa "njoo wiki ijayo".

Hapo kasheshe ikaanza. Shemeji yenu akasema turudi Dar. Nikamuuliza turudi na nini, na kodi ya nyumba huko atalipa nani? Akaninunia, nami nikamnunia. Ikafika mahali mtoto anatumwa "kamwambie baba chakula tayari", na baba mwenyewe kakaa hatua tatu kutoka nilipo.

Kwa hasira zangu nikatengeneza wasifu wa kampuni, kurasa 12, picha za nguvu, nikausambaza ofisi 19. Mapokezi wote waliupokea kwa heshima zote. Hakuna aliyepiga simu. Usinielewe vibaya, makaratasi yanahitajika. Tenda za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza 2023, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yakiwemo ya vijana na wanawake. Kaa mkao wa kuomba. Lakini tenda haikulipii ada ya Januari.

Januari hiyohiyo nikapeleka mahindi kusaga, Katandala. Pale mashineni nikamkuta mama mmoja anashona viroba vya sembe, vyeupe, vitupu, bila hata herufi moja. Nikamwamkia, nikamuuliza vinakwenda wapi.

"Vingine Mpanda, vingine Tunduma."

"Na huko wanaviuza kwa jina gani?"

"Jina lao, mwanangu. Mimi nina jina gani?"

Jamani! Mahindi ya Ufipa, jasho la Mfipa, halafu sifa apate mtu mwingine. Nikamwambia sisi tunaweza kumtengenezea jina na kiroba chake. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hela ya urembo sina."

Jioni nikamsimulia shemeji yenu. Yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza yasiyo ya ugomvi baada ya siku nyingi. Hakunijibu. Alichukua kadi ya harusi iliyoharibika, akaigeuza, akaanza kuchora nyuma yake. Kesho yake tukabandika mchoro ule kwenye kiroba kimoja, tukampelekea mama. Akakitazama kwa muda. "Sasa huyu ndiyo mimi?" Akalipa shilingi 20,000 ya kuanzia, noti za elfu moja, zimejaa unga.

Kosa letu nililiona pale. Tulikuwa tunauza "nembo", na mtu wa mashine hajui nembo inamsaidia nini. Kiroba anakijua. Kwa hiyo sasa nikienda kwa mtu sibebi wasifu, nabeba sampuli yenye jina lake. Namwonyesha pia kinachotakiwa kuandikwa: bidhaa, uzito, mtengenezaji na mahali alipo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Akitaka alama ya TBS, namwelekeza aanzie SIDO. Bure kabisa. Anaporudi, anarudi kwetu.

Jingine ni msimu. Huku hela ina msimu wake, tofauti na Dar. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inanyesha na hela yote iko shambani, imegeuka mbegu na mbolea. Mahindi yakishavunwa, NFRA na wachuuzi wanaanza kununua, ndipo mifuko inatuna. Zamani mimi nilikuwa natafuta wateja Julai, wakati kila mwenye kadi ya mchango na kila fundi anawafukuza watu walewale. Mwaka huu nilizunguka Februari na gamboti: Laela, Mpui, Matai. Mtu ana nafasi, anakukaribisha kiti, mnapatana taratibu. Anatanguliza kidogo, anamalizia Agosti.

Sikufichi, Aprili ilikuwa noma. Tulikopa kwa dada yangu, na mteja mmoja hadi leo hapokei simu zangu. Siku hizi bila utangulizi hatuchapi.

Kuna swali nililokuwa naona aibu kuliuliza. Mtu akimaliza kulipa namuuliza palepale: nani mwingine unamfahamu anauza bidhaa bila jina? Mama wa Katandala alinipa namba ya mdogo wake anayekamua alizeti Laela. Huyo akanipa wawili. Leo tuna wateja 11, hakuna hata mmoja anayemfikia yule wa zamani kwa ukubwa, na akiondoka mmoja hatulali njaa. Deni lile? Bado ni wiki ijayo.

Dar bado inatajwa nyumbani, sana sana printa inapogoma. Juzi usiku nikamsikia shemeji yenu kwenye simu, anabishana na yule wa Laela kama ua la alizeti kwenye lebo litazame kushoto au kulia. Nusu saa nzima! Chakula kilikuwa kinapoa. Nikaenda kumwita mwenyewe.