Anayejifunza kupasua naye ajitazame kwenye video

Hebu nikuulize. Siku apendiksi ikikulaza, ungependa anayekushona awe amewahi kujitazama akishona?

Sisi wa Bombolulu tukizidiwa, wengi tunavushwa Daraja la Nyali hadi Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunaita Makadara. Ni hospitali ya rufaa na ya mafunzo pia, kwa hivyo kando ya daktari bingwa huenda kuna anayejifunza. Hilo si baya, hakuna aliyezaliwa akijua kushona utumbo. Swali ni anajifunza vipi.

Mtindo wa zamani ni tazama, fanya, kisha fundisha. Mwalimu akiwa na haraka, unafokewa ama unaambiwa umejitahidi, basi. Kesho hukumbuki mkono wa kushoto ulikuwa wapi. Video inakumbuka. Unairudisha nyuma, unaona pale ulipovuta uzi kwa nguvu. Wachezaji mpira wanafanya hivyo kila wiki, na wao wakikosea wanapoteza pointi tatu tu.

Tena si maneno matupu. Utafiti uliochapishwa 2013 kutoka Michigan, Marekani, uliwachukua madaktari 20 wanaofanya upasuaji wa kupunguza unene. Kila mmoja alileta video moja, wenzake wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Robo ya mwisho kwa alama, asilimia 14.5 ya wagonjwa wao walipata matatizo. Robo ya juu, asilimia 5.2. Na wote walikuwa wamehitimu! Mimi niliacha chuo, lakini sitakudanganya kwamba cheti ni bure. Ni vile tu cheti hakionyeshi mkono.

Vifaa navyo visiwe kisingizio. Upasuaji wa matundu madogo tayari unatumia kamera na skrini, kilichobaki ni kuhifadhi picha. Kwa mazoezi ya nje ya thieta, katoni, taa, simu na vile vyombo virefu vya kupasulia vinatosha kuanzia.

Lakini mwili ni wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Kwa hivyo uombwe ruhusa mapema, kwa Kiswahili unachoelewa, si ukiwa kwa machela unasukumwa thieta. Uso na jina visionekane. Ukikataa, matibabu yabaki yale yale. Na daktari asirekodi kwa simu yake mwenyewe, maana ikifika WhatsApp hayo si mafunzo tena, ni udaku.

Madaktari nao wanaogopa korti, na hofu yao ina msingi. Ndiyo maana kanuni ziandikwe kabla kamera kuwashwa: nani anatazama, inakaa wapi, inafutwa lini. Kisha mabingwa watangulie kuleta video za siku ambazo mambo hayakuwaendea sawa. Mwanagenzi akiona mkubwa wake anakosolewa na hafi, ataacha kuficha ya kwake.

So siku ukiletewa hiyo fomu, usikimbilie kukataa, wala usitie sahihi kama kondoo. Uliza hayo maswali matatu. Ukijibiwa vizuri, kubali. Mwenye atalala kwa hicho kitanda baada yako anaweza kuwa mamako.