Shida ni za mtaa wetu, mbona utafiti ulipiwe na wageni?

Mara ya kwanza kulipwa kwa sababu ya kichwa changu, nilikuwa nimeshaacha chuo.

Ilikuwa hivi. Karo ilinishinda nikiwa mwaka wa pili, nikarudi Eastlands na simu, madeni na stori nyingi. Rafiki yangu akanitumia ujumbe kwamba kuna watu wanatafuta vijana wa kukusanya data, siku kumi, na pesa inalipwa kwa siku. Hakuna aliyeniuliza cheti. Walitaka mtu anayejua vichochoro, anayeongea lugha ya mtaa na asiyeogopa mbwa. Nikapewa tableti, fulana na orodha ndefu ya maswali.

Siku ya tatu nikabisha kwa mama mmoja anayeuza mandazi. Alinipa kiti, akaendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta, kisha akaniambia, "Kijana wangu, nitakujibu. Lakini hizi maswali niliulizwa mwaka jana, na mwaka ule mwingine. Huwa mnaenda nazo wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye tableti nilikuwa na mahali pa kuandika ana watoto wangapi, anachota maji wapi, choo anatumia na watu wangapi na mara ya mwisho kulala njaa ilikuwa lini. Mahali pa kuandika swali lake hapakuwepo.

Baadaye nilijiuliza swali lingine: nani analipia hii kazi? Nikaja kujua kwamba pesa zilitoka ng'ambo. Tableti, fulana, mshahara wangu, hata soda ya mchana. Maswali pia, kumbe, yalikuwa yamepitishwa huko huko kabla hayajafika kwa mama wa mandazi.

Wacha niseme mapema: sina shida na wageni. Bila wao mimi nisingelipa rent mwezi huo. Shida yangu ni serikali yetu. Naona ni aibu kwa nchi kuachia wengine kazi ya kuelewa miji yake. Na ukweli usemwe, sheria ya Kenya inakubaliana na mimi.

Mwaka wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Sheria hiyo ndiyo iliunda NACOSTI, ile tume inayotoa leseni za utafiti, na ikaunda pia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, NRF. Humo ndani imeandikwa kwamba serikali itaweka kwenye hazina hiyo asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Piga hesabu. Mwaka wa 2023 pato la taifa lilikuwa kama Sh15 trilioni. Asilimia mbili ya hiyo ni kama Sh300 bilioni.

Usicheke. Najua hakuna siku hazina hiyo imewahi kukaribia pesa kama hizo. Pia sisemi zitolewe kesho, maana hospitali hazina dawa na wahadhiri wenyewe wanagoma kila mara wakidai malipo yao. Ninachosema ni kwamba sisi ndio tulijiwekea hiyo asilimia, tukaiandika kwenye sheria, halafu tukaisahau kama ahadi ya mwanasiasa. Muungano wa Afrika uliziomba nchi wanachama zifike angalau asilimia 1. Sisi tulijigamba tutafanya mara mbili yake.

Utasema, utafiti ni wa maprofesa, sisi vijana wa mtaa unatuhusu nini? Nilikuwa nasema hivyo pia. Kwangu utafiti ulikuwa kile kitabu cha jalada gumu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa mwisho analipia kuchapishwa kule kwa saiba, kinaingia maktaba, na anayekifungua tena ni panya. Kisha nikaanza kuangalia vitu ninavyotumia kila siku.

Chukua matatu. Ukifungua ramani ya Google leo utafute njia ya kutoka Kayole hadi Westlands, inakuonyesha matatu za kupanda. Hiyo haikutoka kwa Google peke yake. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia kule Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi kila steji na kila ruti. Mradi uliitwa Digital Matatus. Ramani ikatoka 2014, ruti zaidi ya 130, na mwaka uliofuata zikaingia kwenye Google Maps. Mpaka hapo, jiji la mamilioni ya watu wanaotegemea matatu halikuwa na ramani ya matatu iliyo wazi kwa kila mtu. Na pesa kubwa za kazi hiyo zilitoka kwa wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Serikali yetu, ambayo hukusanya ada kwa kila matatu, ilikuwa wapi?

Chukua Mukuru. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Berkeley walifanya kazi pamoja na Muungano wa Wanavijiji na wakazi wenyewe. Walipata jambo ambalo mathe yeyote wa Mukuru kwa Reuben angekwambia bure, lakini sasa lilikuwa na namba: mtu wa mtaa wa mabanda hulipia maji na stima bei ya juu kuliko mtu wa mitaa ya kifahari, na anachopata ni kibovu zaidi. Kwa ufupi, umaskini una ada yake. Unanunua maji kwa mtungi, unaunganishiwa stima na jamaa wa waya, na mwisho wa mwezi umelipa zaidi kwa kila lita na kila taa.

Hizo namba hazikukaa maktaba. Mwezi wa Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Hiyo ilihusu Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Wakazi wakakaa vikao, wakajadili barabara zipite wapi, maji taka yaende wapi, shule iwe wapi. Kuanzia 2020 lami ikaanza kuingia sehemu ambazo mvua ikinyesha ulikuwa unatembea na viatu mkononi. Utafiti ukageuka barabara. Na sehemu kubwa ya pesa za utafiti huo ilitoka IDRC, shirika la serikali ya Kanada. Maana yake mlipa ushuru wa Ottawa alichangia kujua bei ya mtungi wa maji Mukuru kabla ya wakubwa wetu kutaka kuijua.

Lakini stori ya Mukuru haikuisha vizuri kwa kila mtu. Mwishoni mwa 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mtaa uliokuwa umepimwa na kuchorwa kuliko karibu mtaa wowote wa mabanda nchini ukabomolewa kama hakuna aliyejua watu wanaishi pale. Hapo ndipo nilielewa kitu. Ukiwa hujalipia maarifa, ni rahisi kuyapuuza. Ripoti ya mgeni unaipokea kwa tabasamu, unapigwa picha, unaiweka kwa droo. Ile uliyotoa pesa yako, mkaguzi wa hesabu atakuuliza uliifanyia nini.

Kuna hatari nyingine. Mwenye pesa ndiye huchagua swali, na akiamka vibaya anaondoka na pesa zake. Tuliona Januari 2025, Rais Donald Trump alipoingia ofisini na kusimamisha misaada ya nje. Mwezi uliofuata ikasimama DHS, ile programu ya Marekani iliyosaidia nchi nyingi kufanya utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, Kenya ikiwemo kwenye ule wa 2022. Mtu mmoja anatia sahihi Washington na wewe huku huna uhakika utajuaje tena ni watoto wangapi wanakufa kabla ya miaka mitano. Tukubaliane kwamba hiyo si njia ya kuendesha nchi.

Na kuhesabu watu vizuri si mchezo. Kwa miaka mingi dunia nzima iliambiwa Kibera ina watu milioni moja, hata zaidi. Sensa ya 2009 ikaja na 170,070. Watu wakabishana sana, na wengine bado wanabishana. Lakini fikiria umekaa ofisini unapanga vyoo, zahanati na madarasa ya Kibera, na hujui kama unapangia laki mbili au milioni. Utakosea tu, na makosa yako yatalipwa na mtu anayepanga foleni ya choo saa kumi na moja asubuhi.

Mafuriko ya 2024 pia yalitufunza. Mto Mathare ulipofurika, watu walikufa, nyumba zikaenda. Kisha serikali ikaja na amri ya kuhama kando ya mito, tingatinga zikafuata, na ahadi ya Sh10,000 kwa kila familia ya kutafuta keja nyingine. Sasa niulize: kabla ya kutoa amri, nani alikuwa amefanya hesabu ya keja zilizo wazi, bei gani, na deposit inahitajika ya miezi mingapi? Mtu wa kibarua akifukuzwa Mathare huwa anaenda wapi? Hayo ni maswali ya utafiti. Yanajibika, hayahitaji roketi. Yanahitaji mhadhiri aliyelipwa kwa wakati, wanafunzi kumi wenye simu na vijana wa mtaa wanaojua milango.

Kuna wasee watanipinga, na wana hoja. Watasema pesa za utafiti zitaliwa. Watasema profesa atafanya warsha Naivasha, atakula buffet, ataandika makala kwa Kiingereza kigumu ili apandishwe cheo, na mtaa utabaki vile ulivyo. Siwezi kuwaambia hilo haliwezekani. Lakini pesa za barabara pia huliwa, na hatujasema tuache kujenga barabara. Tunasema tuzifuatilie. Mwenye mshahara leo anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba nafuu. Tunajenga maghorofa kwa mabilioni. Je, ni dhambi sehemu ndogo tu ya pesa za miji ikatumika kujua anayejengewa anaweza kulipa ngapi, anafanya kazi wapi na anataka chumba cha aina gani?

Mimi nataka mambo manne, na hakuna hata moja la ajabu.

La kwanza, serikali ianze safari ya hiyo asilimia 2. Iseme mwaka huu tuko hapa, mwaka ujao tutakuwa pale, na iandike kwenye bajeti sehemu gani ni ya matatizo ya miji: maji, nyumba, usafiri, taka, ajira ya vijana. Kaunti ya Nairobi, yenye watu zaidi ya milioni nne kwa sensa ya 2019, nayo itenge yake. Mombasa, Kisumu na Nakuru zifuate.

La pili, mtaa uwe na sauti kwenye kuchagua swali. Mukuru imeonyesha kwamba inawezekana. Kama mradi unaweza kukaa na wakazi kupanga maji taka yapite wapi, unaweza kukaa nao pia kabla ya kuandika swali la kwanza.

La tatu, anayekusanya data atoke mtaani, alipwe vizuri na kwa wakati, na jina lake liandikwe kwenye kazi. Sisi si miguu ya kukodisha. Tuna vichwa pia, hata kama karo ilitushinda. Na kijana aliyefanya kazi hiyo miradi mitatu apewe njia ya kurudi darasani.

La nne, majibu yarudi. Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi utafiti uliolipiwa na ushuru wetu usifungiwe. Uandikwe pia kwa Kiswahili, kurasa mbili tatu, usomwe kwa baraza la chifu, ubandikwe kwa kiosk cha maji, utumwe kwa vikundi vya WhatsApp vya ploti. Kama ujumbe wa landilodi wa kodi hutufikia kila mwisho wa mwezi, hata huo utatufikia.

Sijarudi chuo. Pengine nitarudi, pengine sitarudi. Lakini kila nikipita pale kwa mama wa mandazi natembea haraka kidogo, kwa sababu ninamdai jibu ambalo sina, au tuseme yeye ndiye ananidai mimi. Alinipa saa nzima ya asubuhi yake, mafuta yakiwa kwenye moto, na wateja wawili wakaondoka.

Mtu wa Kanada hana deni na yeye. Deni ni langu, na ni la serikali inayomtoza ada kila siku anapofungua hicho kibanda.