Kuhama klabu 14 si kufeli, ila usihame mikono mitupu

Tuseme leo wewe ndiye mdosi wa ofisi fulani hapa Nairobi. Mezani pako kuna CV ya jamaa aliyefanya kazi miaka 17 kwa waajiri 14. Wengine walimwachisha kabla ya mkataba kuisha. Wengine walimbadilisha na mtu mwingine, nipe huyu nikupe yule. Wawili walimwacha aende, halafu miaka ikapita, wakamwita tena. Sema ukweli, ungempigia simu aje kwa mahojiano? Wengi wetu tungeisukuma hiyo CV kando kabla chai haijapoa. "Huyu ana shida mahali," tungesema.

Jamaa huyo yupo. Anaitwa Edwin Jackson, na kazi yake ilikuwa kurusha mpira katika ligi kuu ya besiboli Marekani. Ligi hiyo ina klabu 30. Jackson alichezea 14, karibu nusu ya ligi nzima. Hakuna mchezaji aliyewahi kumpita. Julai 2025 mkongwe Rich Hill, akiwa na miaka 45, alimfikia alipovaa jezi ya Kansas City. Kwa hivyo sasa rekodi ni yao wawili.

Najua besiboli si mchezo wa mtaani kwetu. Usijali, huhitaji kuujua wote ili unifuate. Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpinzani aliyeshika gongo. Kazi yake ni kuhakikisha mpinzani huyo haupigi akafika kituo cha kwanza salama. Mkono huchoka, ndiyo maana klabu huweka warushaji watano hivi wa kuanzisha mechi, wakipokezana zamu. Msimu wa kawaida una mechi 162. Hesabu mwenyewe uone ni mikono mingapi inahitajika.

Jackson alianza kama nyota. Alizaliwa Ujerumani, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani, akakulia Georgia. Los Angeles Dodgers walimchukua mwaka wa 2001. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu aliicheza Septemba 9, 2003, siku aliyotimiza miaka 20, na akamshinda Randy Johnson, mmoja wa warushaji waliotisha zaidi wakati huo. Kijana wa miaka 20, mpira wake unapita kasi ya kilomita 150 kwa saa, jina liko kila mahali. Ungemwambia usiku ule kwamba atamaliza kazi akiwa amezunguka klabu 14, angekucheka.

Lakini mambo yakageuka. Dodgers wakampeleka Tampa Bay. Tampa Bay wakampeleka Detroit, ambako mwaka 2009 alichaguliwa kwa mechi ya nyota wote wa ligi. Baada ya msimu huo mzuri, unadhani Detroit walimkumbatia? Wapi! Walimpeleka Arizona.

Akiwa Arizona ndipo likatokea jambo ambalo kila kijana anayefanya kazi ya kuajiriwa anafaa kulijua. Juni 25, 2010, Jackson alirudi kucheza dhidi ya Tampa Bay, waajiri wake wa zamani. Alirusha mechi nzima na hakuna mpinzani hata mmoja aliyeupiga mpira wake akafika kituoni kwa pigo safi. Kuna warushaji wakubwa waliostaafu bila kuonja usiku kama huo. Haukuwa usiku safi, maanake aliwapa wapinzani vituo vya bure mara 8 na ilimbidi arushe mipira 149, idadi ambayo makocha wa siku hizi hawaruhusu kamwe. Lakini alikataa kutoka, na Arizona ikashinda 1-0.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Arizona walimpeleka Chicago.

Soma sentensi hiyo tena. Usiku bora wa maisha yake ya kazi, uliofanya jina lake liandikwe katika historia ya klabu hiyo, haukumnunulia hata wiki sita za kukaa. Ukiwahi kuambiwa "wewe ni familia hapa" Jumatatu, na Ijumaa ukaitwa ofisini mlango ufungwe nyuma yako, basi unamwelewa Edwin Jackson kuliko mashabiki wengi wa Marekani.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa maajabu zaidi. Julai 27, 2011, Chicago walimpeleka Toronto, na siku hiyo hiyo Toronto wakampeleka St. Louis. Alikuwa mchezaji wa Toronto kwa saa chache tu na hakurusha mpira hata mmoja. Katika dili hiyo ya pili aliandamana na Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika, mzee mwingine wa kuhamahama, ambaye mwaka wa 2012 aliweka rekodi ya klabu 13 kabla Jackson kuja kuivunja. Hebu waza, watu wawili kati ya waliohamahama zaidi katika historia ya ligi, ndani ya dili moja. Na mwisho wa msimu huo St. Louis ilishinda World Series. Wote wawili ni mabingwa.

Sasa, wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema mtembezi hula miguu yake. Nyingine inasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ukitaka kumcheka Jackson, chukua ya kwanza. Ukitaka kumsifu, chukua ya pili. Mimi nasema zote mbili ni za kweli, na tofauti iko kwa kitu kimoja: unapohama, kuna kitu kinachokufuata, au unaanza sufuri kila mara?

Wacha nieleze. Jackson hakuwa bora kuliko wote. Alishinda mechi 107 na akapoteza 133. Chicago Cubs walipompa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 52, alipoteza mechi 18 katika msimu wa kwanza pekee. Kwa nini basi simu yake iliendelea kulia? Kwa sababu kila msimu kutoka 2007 hadi 2013 alianzisha mechi 31 au zaidi. Alifika kazini. Zamu yake ikifika, yuko. Mwaka 2018, akiwa na miaka 34 na wengi wakidhani amekwisha, Oakland walimchukua katikati ya msimu. Alianzisha mechi 17, akashinda 6 na kupoteza 3, na timu ikafuzu kwa mchujo. Klabu 14 zilimwacha aende, sawa, lakini klabu 14 pia zilimtaka. Washington na Detroit zilimtaka mara mbili.

Hapo ndipo makala mengi ya kutia moyo yangeishia. Chapa kazi, usikate tamaa, Mungu mbele. Lakini kuishia hapo ni kukudanganya. Bidii peke yake haikumfikisha Jackson misimu 17. Kulikuwa na kitu kingine, na hicho kitu kilipiganiwa na watu wengine kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 1969 mchezaji mweusi aitwaye Curt Flood aliambiwa na St. Louis kwamba amepelekwa Philadelphia. Alikataa. Wakati huo klabu ilimiliki mchezaji mpaka ichoke naye, na yeye hakuwa na la kusema. Flood alienda mahakamani akisaidiwa na chama cha wachezaji, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Kazi yake ya uchezaji ilizimika. Lakini chama hakikulala. Kufikia mwisho wa 1975 wachezaji walikuwa wameshinda njia ya kuwa huru mkataba unapoisha, kupitia uamuzi wa mpatanishi.

Matunda yake ni haya. Leo, siku zote unazokaa katika kikosi cha ligi kuu huhesabiwa. Siku 172 ni mwaka mmoja. Ukifikisha miaka 6 uko huru kuzungumza na klabu yoyote mkataba ukiisha. Ukifikisha siku 43 tu, unastahili pensheni ndogo; ukifikisha miaka 10, unaipata kamili. Na hesabu hiyo si ya klabu, ni yako. Jackson alipotoka Tampa Bay kwenda Detroit, siku zake zilipanda ndege naye. Cubs walipomwacha Julai 2015, mkataba ulikuwa bado na zaidi ya mwaka mmoja, na ilibidi walipe. Karatasi ilisema hivyo.

Hata hivyo mfumo huo una ukatili wake. Mchezaji mwenye miaka 10 ligini, mitano ya mwisho ikiwa katika klabu moja, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Jackson alikuwa na hiyo miaka 10, lakini hakuna klabu iliyomweka mitano. Yaani mtu aliyehamishwa mara nyingi hivyo ndiye hakuwahi kupata haki ya kusema "sitaki". Hata chama chenye nguvu hakikufunga kila tundu.

Utaniambia, "Bana, huyo alilipwa mamilioni ya dola. Mimi nalipwa kwa siku." Sawa kabisa. Basi waangalie walio chini yake. Kabla ya 2023, mchezaji wa daraja la juu kabisa la ligi ndogo, hatua moja tu kutoka ligi kuu, alilipwa kima cha chini cha dola 17,500 kwa mwaka, na wa madaraja ya chini zaidi dola 4,800. Wengi walifanya vibarua msimu ukiisha ili walipe nyumba. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu, alisajiliwa na Pittsburgh mwaka 2008 na akafika juu Aprili 2017. Hiyo ni zaidi ya miaka minane ya mabasi na hoteli za bei nafuu.

Mwaka 2022 wachezaji hao wa ligi ndogo walijiunga na chama. Mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa 2023, ulipandisha 17,500 hadi 35,800, na 4,800 hadi 19,800. Kipaji chao hakikuongezeka mara mbili usiku mmoja. Waliacha tu kuongea mmoja mmoja.

Sasa tuje kwako. Wenzetu wengi mjini wanaishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na wengine hawana hata mkataba, ni "kuja kesho". Mwajiri anakwambia uvumilie, kisha anakusifu kwa kuwa "hasla". Mimi nimechoka na hilo neno. Limekuwa pambo la kufunika unyonge. Kuhama kazi si dhambi, na usikubali shangazi yeyote akuaibishe kwa sababu hujakaa ofisi moja miaka 20 kama yeye. Enzi hizo zimepita. Lakini kuhama bila chochote kufuata nyuma yako, hiyo ndiyo miguu inayoliwa.

Kwa hivyo dai kinachokufuata. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukifanya kazi zaidi ya wiki nne, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi unapoondoka, awe amekupenda au la. Wangapi kati yenu mmewahi kukiomba? Namba yako ya NSSF ni ile ile hata ukibadilisha waajiri 14, lakini ingia mwenyewe uangalie kama pesa unazokatwa zinafika, maana kukatwa ni jambo moja na kupelekwa ni jingine. Na sheria hiyo hiyo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hafai kuendelea kuhesabiwa kama kibarua wa siku. Usiogope kutaja hilo. Afadhali mlitaje mkiwa kumi kuliko ulitaje peke yako, kwa maana Flood alisimama karibu peke yake na ilimgharimu kila kitu.

Jackson alirusha mpira wake wa mwisho ligi kuu mwaka 2019, msimu mbaya, tena katika Detroit ile ile iliyomwacha miaka 10 kabla. Mwaka 2021 alikuwa Tokyo na timu ya Marekani, wakarudi na medali ya fedha ya Olimpiki. Mwaka 2022 akatangaza amestaafu. Jezi 14, taji moja, pensheni kamili.

Kwa hivyo siku nyingine ukiulizwa kwa mahojiano kwa nini umefanya kazi sehemu nyingi, usiinamishe kichwa. Waambie sehemu zote hizo zilikuhitaji. Kisha, kabla hujatia sahihi, uliza wewe pia: nikitoka hapa, nitatoka na nini?