Safari ya Mto Kongo na watoto: umri uamue, si hamu

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa njia ya maji ni takriban kilomita 1,700, sehemu kubwa ikipita katikati ya msitu mnene wa mvua. Abiria hupanda matishari yanayosukumwa na boti za injini, hulala juu ya mizigo na kupika humo humo kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa.

Wazazi wenye hamu ya kuwaonyesha watoto mto huo huuliza zaidi kuhusu mamba na nyoka. Naona wanaogopa kisicho tishio kubwa. Kinachoua watoto haraka ni malaria, kuhara na kuzama, tena mahali ambapo hospitali inaweza kuwa mbali kwa siku mbili.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto aliye chini ya miezi tisa asipelekwe. Kwa kawaida chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri huo, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mtoto mchanga anaingia msituni bila kinga hiyo.

Wapo watakaosema kuwa akina mama wa huko husafiri na vichanga kila siku. Ni kweli, lakini wengi hawana barabara. Wewe unayekwenda kutembea una uwezo wa kusubiri mwaka mmoja.

Kwa watoto wakubwa, muone daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari. Dawa ya kuzuia malaria hupangwa kwa uzito wa mtoto, hivyo usimgawie kidonge chako. Beba chandarua chenye dawa, kwani mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Jaketi okozi liwe la saizi ya mtoto, na alivae muda wote awapo sitahani.

Maji ya mto yachemshwe hata kama yanaonekana safi. Beba pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akianza kuhara, mpe ORS mapema na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Akilegea, macho yakizama au akishindwa kunywa, shukeni bandari inayofuata yenye kituo cha afya.

Mkisharudi nyumbani bado hamjamaliza. Dalili za malaria huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hata miezi kadhaa baadaye. Mtoto akipata homa, usisingizie uchovu wa safari wala usimpe dawa ya maumivu ukasubiri kesho. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu mlikotoka hata asipouliza.