Stori ya Toto Tunaisimulia Nusu

Nikiongea siasa tu hapa, lazima mtu aniambie, "Si Toto alishinda bila pesa? Na wewe simama!" Asanteni kwa imani, lakini hiyo stori mnaikata katikati.

Nusu ya kwanza kila mtu anaijua. Linet Chepkorir, miaka 24, hana magari ya kampeni, hana jina kubwa la familia. Tarehe 9 Agosti 2022 akachukua kiti cha Mwakilishi wa Wanawake Bomet na zaidi ya kura 240,000. Kuna wazee wako kwa siasa tangu enzi za Moi na kura kama hizo hawajaziona hata kwa ndoto.

Nusu ya pili ndiyo sisi huruka. Agosti ilikuwa sherehe tu. Kazi iliisha 14 Aprili, siku ya mchujo wa UDA. Mwaka huo huku kwetu ukiwa na hiyo tiketi ni kama umeshafika, wengine wanapigania namba mbili. Mcheki pia John Paul Mwirigi wa Igembe Kusini. 2017 aliingia Bunge akiwa na miaka 23, bila chama, kampeni kwa miguu. 2022 alirudi na tiketi ya UDA. Yule yule mgombea huru! Hapo kuna somo kuhusu nani hushika mlango.

Na si ati Bomet iliamka siku moja ikaamini msichana. Lorna Laboso alikuwa mbunge wetu wa Sotik hadi ile ajali ya ndege ya Juni 2008. Dada yake Joyce akashinda uchaguzi mdogo mwaka huo huo, 2013 akawa Naibu Spika, 2017 gavana, mpaka alipofariki Julai 2019. Mama zetu walikuwa wamezoea kuweka tiki kwa jina la mwanamke kabla Toto amalize shule. Njia ilikuwa imefyekwa.

Sasa yuko ndani, na sisi bado tunajadili umri wake na nguo zake. Manze, huyo ni mbunge kamili. Anapiga kura kwa mswada wa chai sawa na mbunge yeyote, na kuna pesa za NGAAF za vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Bonasi ya chai huku magharibi ya Bonde la Ufa huwa chini kuliko ile ya upande wa pili, kila mwaka, na kila mwaka mama anauliza kwa nini. Hilo ndilo swali la kumuuliza Toto. Miaka 24 ilikuwa habari ya 2022.

25 Juni 2024 tukiwa barabarani, ndani ya Bunge Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Wengi wa wale waliosema ndiyo walitoka kwa mchujo wa chama fulani, siku ambayo vijana wengi walikuwa wamelala.

Mambo ya karatasi yasikutishe. 2021 Mahakama Kuu ilisema sharti la digrii kwa MCA linakiuka Katiba, so hata mimi niliyeacha chuo niko huru kusimama wadi. Sisimami, tulieni. Lakini ingia eCitizen uone umeandikishwa chama gani, maana kuna watu walijikuta wanachama wa vyama hawajawahi kusikia, na mchujo unaweza kufungiwa wanachama tu.

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Mchujo utakuja miezi kadhaa kabla, na wazee watakuwa kwa laini asubuhi mapema. Mimi nimejiandikisha kura Sotik, si Nairobi, na nauli ya kurudi nishaanza kuweka.